Betri Nzito

Mama yangu haamini karatasi, haamini bosi wa duka, na hata mimi mkalimani wake ananiamini nusunusu. Anaamini mikono yake. Akiletewa betri anakaza khanga kiunoni, anainama, anainyanyua hadi kifuani na kufumba macho. Ikiwa nyepesi anairudisha chini kwa dharau. Wafanyabiashara wote wa kwetu pale Xiaobei, mtaa wa Guangzhou huko Uchina, walipima hivyohivyo. Betri nzito ina madini mengi ya risasi tumboni, walisema, na risasi ndiyo betri.

Siku hiyo tulikuwa katika duka moja nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu. Mimi nilikuwa nasoma chuo Guangzhou, na mama yangu, Dorothea, alikuwa amerudi kutoka Arusha kutafuta betri ya pili kama ile aliyompelekea baba safari iliyopita. Baba, Agustino, hutembeza watalii akivuta karavani nyuma ya gari, kile chumba cha magurudumu chenye kitanda na jiko. Betri ya karavani si ya kuwashia injini. Ya injini hutoa nguvu nyingi kwa mara moja, basi; hii hutoa kidogokidogo usiku kucha, kwa hiyo sahani zake za risasi lazima ziwe nene. Inalisha taa na friji ndogo. Ndani ya friji hiyo hukaa insulini ya baba, dawa yake ya kisukari, na huko porini hana pengine pa kuiweka.

"Ya kwanza imefanyaje?" nilimuuliza mama.

"Baba yako kaiua. Alinipigia eti inakata kabla ya asubuhi. Nikampa ukweli wake! Betri hii haishushwi chini ya nusu. Inachajiwa kila siku. Ule unga mweupe unaoota pale nyaya zinaposhika unasuguliwa. Wewe mwanamume mzima, hata betri inakushinda kutunza?"

"Akasemaje?"

"Atasema nini? Tangu hapo kila nikipiga ananiambia iko sawa, lakini mimi simwamini."

Nilicheka. Wazazi wangu ndivyo walivyo, mmoja anafoka na mwingine anameza.

Laoban, kama tunavyowaita mabosi wa huko, alileta betri tatu. Mama alinyanyua ya kwanza, akasonya. "Nyepesi meiyou!" alimwambia, yaani nyepesi hakuna, hatutaki hata kuiona. Ya tatu ilimfurahisha mpaka akaita jina la Bwana. Lakini joto la Guangzhou linakutoa jasho hadi kwenye kucha. Betri ilimponyoka, ikagonga sakafu kwa pembe, na ganda likapasuka.

Niliruka nyuma nikiogopa tindikali. Hakuna kilichomwagika. Mama alichuchumaa, akabandua kipande cha plastiki, akabaki ametoa macho. Ndani kulikuwa na saruji. Saruji ya kujengea nyumba, imekauka! Katikati yake ilikuwa imezikwa betri ndogo ya pikipiki, na waya mbili zimepanda kutoka humo hadi juu.

"Sia," mama alisema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. "Muulize hiki ni nini."

Niliuliza. Nilitegemea laoban akane, apige kelele, afunge duka. Wapi! Alituangalia kama watu wanaolalamikia chakula walichoagiza wenyewe.

"Zamani niliuza nzuri, nyepesi kidogo," alisema. "Ninyi mnanyanyua, mnaziacha. Kiwanda kikatengeneza nzito. Wote mmefurahi."

Nilimtafsiria mama neno kwa neno. Hakumtukana, na hilo lilinitisha kuliko saruji yenyewe. Ile aliyompelekea baba ilitoka katika duka hilihili, naye aliichagua kwa kuwa ilikuwa nzito kuliko zote. Alininyang'anya simu, akabonyeza namba ya baba, akakosea, akabonyeza tena.

Aliyepokea ni Rotich, mpishi wa safari, Mkenya. Mama aliweka sauti ya nje.

"Mum, mzee hayuko poa," alisema Rotich. "Anatapika, na macho hayaoni vizuri. Dawa iliharibika na joto. Friji inazima kila usiku."

"Tangu lini?"

"Tangu tutoke. Alisema tusikuambie, utakasirika."

"Mpelekeni hospitali! Sasa hivi, Rotich, acheni kila kitu!"

"Mgeni mmoja ameshashika usukani, Mum. Tunamuinua."

Tulisikia mlango wa gari, watu wakihimizana, kisha pumzi nzito karibu na simu. Nilimjua baba kabla hajasema neno. Nilitaka kulia palepale mbele ya laoban.

"Mama Sia," alisema polepole, ulimi mzito. "Usikasirike. Nimesugua zile nyaya. Nimezima kila kitu, hata taa, nakaa gizani. Bado inakufa. Niambie kingine cha kufanya, nitafanya."

Mama, anayewanyamazisha madalali wa Xiaobei, alikaa chini sakafuni, penye vumbi la saruji, simu ameibana sikioni kwa mikono yote miwili, na baba akawa anaendelea kuuliza kama bado yupo.