Udongo Uliotema Nondo

Saa mbili na robo asubuhi Leonia, fundi wa umeme wa mitambo, alifungua kabati la chuma katika kiwanda cha kukamua alizeti pale Bonga, akaikagua draivu, kifaa kinachoongoza mwendo wa mota. Mota ilikuwa inakoroma na kuzimika kila baada ya dakika sita. Mzani wa umeme nao ulikuwa unapima gunia lile lile la mbegu kilo tisini, kisha mia nne, kisha sifuri. Umeme uliovuja ulikosa pa kwenda, ukawa unazurura kwenye nyaya zisizouhusu.

Fundi aliyemtangulia alikuwa ameufunga waya wa mota na waya wa mzani pamoja kama kuni, akapiga muhuri, akaenda zake. Leonia alimdharau kwa moyo wake wote. Alizitenganisha nyaya, akakaza kila skrubu, akajaribu tena. Mota iliendelea kukoroma.

Ikabaki nondo ya shaba, ile inayozamishwa ardhini ipokee umeme uliovuja. Aliikuta imelala juu ya changarawe, safi, haina hata punje ya udongo.

"Kila jioni tunaipigilia, asubuhi iko juu," alisema Sele, mlinzi. "Tumeshazoea."

Leonia aliipigilia futi tano kwa nyundo. Udongo ukaitema taratibu, kwa muda unaotosha kuchemsha chai. Aliuandika muda huo kwenye fomu yake ya ukaguzi.

Mwenye kiwanda, Aniceti, alitoka ofisini na kofia ngumu kichwani. Aliivaa hata mezani, ambako hakuna cha kumwangukia ila karatasi.

"Badilisha mfumo mzima," alisema. Neno mfumo alilitumia kila asipojua kitu, kwa hiyo alilitumia sana.

Wakati huo aliingia Marietha, mjane aliyewauzia uji wapakiaji. Aliona nondo njiani, akatua chupa, akaiokota na kuisimamisha kwenye udongo ili isimkwaze mtu. Ikazama yote kama mwiko kwenye ugali, kikabaki kichwa tu mkononi mwake. Mota ikatulia. Mzani ukasoma tisini, ukakaa hapo hapo. Alipoiachia ili amimine uji, nondo ikapanda na mota ikaanza kukoroma.

"Shikamoo mama," alisema Leonia. "Hapa unapafahamu?"

"Marahaba. Ni kwangu. Nimelima mahindi hapa miaka ishirini na sita, mimi na binti yangu Vailet aliyeko Bagara sasa. Nilikwenda msibani Kondoa, niliporudi nikakuta uzio, na karatasi inasema nimeuza."

Leonia alimgeukia Aniceti. "Tatizo nimeliona. Mrudishie mama kiwanja chake, nondo itakaa."

"Nilikuita kwa ajili ya draivu," alisema Aniceti. "Hukuja kusikiliza kesi." Kisha akamtazama Marietha kwa mara ya kwanza tangu ajenge uzio. "Huyu anaweza kuishika saa ngapi kwa siku?"

Hivyo Marietha akaajiriwa. Aliletewa kiti cha plastiki, akakaa peku kando ya kabati, mkono mmoja juu ya nondo, saa mbili hadi saa kumi na moja.

"Heri nikae kwangu kuliko kusimama getini," alimwambia Leonia. "Ila kiwanja changu bado nakidai. Uandike na hilo."

Leonia alitafuta nafasi ya kuliandika. Fomu ilikuwa na mahali pa volti, pa joto na pa mtetemo. Akaandika: kelele zimekwisha. Alijidharau, lakini si kwa muda mrefu, maana wateja wa mji wa Magugu walikuwa wanamsubiri.

Wiki ya tatu Aniceti alimpigia simu akiwa amekasirika. Jumapili mama huyo alikwenda kanisani, na kiwanda kizima kikasimama. Tena alikuwa anakohoa, na kila akikohoa mzani uliruka kilo mbili.

Leonia alikwenda. Alimkuta Marietha amekonda, amejifunga kitenge mabegani, nondo iko mkononi. Walisalimiana. Alipima ukinzani kati ya nondo na ardhi: omu mbili, mzuri kama siku ya kwanza.

"Na akifa?" aliuliza Aniceti, mbele ya mama mwenyewe.

Leonia alifungua ukurasa wa mwisho wa fomu na kushusha kidole hadi kwenye mstari wa vipuri.

"Mama," aliuliza kwa adabu, "yule binti yako Vailet, bado anakaa Bagara?"