Taa ya Chumba cha Mama Mkwe

Kasyoka hakutaka stima ya televisheni, wala ya friji, wala ya hayo mambo mengine ambayo binti yake Ndanu alikuwa akiyataja kwa furaha. Alitaka taa moja tu, chumbani mwake, na swichi iwe karibu na kitanda, mahali ambapo mkono ungeifikia bila mtu kuinuka. Sababu hakumwambia mtu. Angeanzia wapi?

Sababu ilikuwa Masila, mumewe, aliyefariki Ndanu akiwa bado anatambaa. Kila alasiri, joto la kijiji chao cha Ekalakala likizidi, Kasyoka alikuwa akienda kujinyoosha kitandani. Chumba chake kilikuwa na kidirisha kimoja kilichotazama ukuta wa ghala, kwa hiyo hata jua likiwa kali nje, ndani kulikuwa giza. Akishasinzia, Masila alikuja. Godoro lilibonyea kidogo upande wa miguuni, harufu ya mkonge na tumbaku ikajaa, na sauti yake ikauliza taratibu, "Kasyoka, umelala?"

Naye Kasyoka angepapasa kiberiti. Njiti zingemwagika sakafuni bila mlio wowote, na akiipata moja na kuiwasha, Masila ameshakwenda. Miaka yote hiyo hakuwahi kumwona uso. Na tuseme ukweli, alikuwa ameusahau. Picha yao ya pekee, ya harusi, mchwa waliimaliza ndani ya sanduku. Hilo ndilo lililomuuma kuliko kifo chenyewe: kumlilia mtu miaka yote hiyo na hujui tena anafanana vipi.

Basi Ndanu alipoamua, kwa jasho la cherehani yake, kwamba nyumba ya mama itiwe bati jipya, plasta na stima, Kasyoka alikubali haraka kabla mtoto hajabadilisha mawazo.

Fundi wa stima alitoka Syokimau na jina lake lilikuwa Muthoka. Kijana mpole, lakini fundi ni fundi, jamani. "Niko kwa njia, mama," angesema kwenye simu, na nyuma yake unasikia kabisa mtu akimwita aje anywe chai. Siku alizofika alifanya kazi safi, ila ya polepole ajabu. Soketi ya sebuleni aliihamisha, akairudisha, akaihamisha tena, Ndanu akimshikia tochi mchana kweupe. Kasyoka hakuwa mtoto. Aliona tochi, akaona pia ni nani anayetazamwa, akaendelea kusuka kyondo, kikapu chake cha mkonge.

Aliyeharibu mambo ni Wathome, kaka wa marehemu Masila. Watu wa Muthoka walipotuma neno kwamba wangependa kuleta ntheo, wale mbuzi ambao wakishapokelewa binti amekuwa mke wa mtu, Wathome hakuuliza swali hata moja. Alisikia mbuzi tu. "Walete Jumamosi!" akasema, na mate yamemjaa mdomoni. Jumamosi wakaja, mbuzi wakapokelewa, nyama ikaliwa, nyimbo zikaimbwa. Hakuna mtu, wee, hata mmoja, aliyekumbuka kwamba kile chumba cha ndani, cha Kasyoka, kilikuwa hakijamalizika kutiwa stima.

Jumatatu Muthoka alikuja na mkoba wake wa vifaa. Alipita sebuleni akipiga mluzi, akafika mlangoni pa chumba cha Kasyoka na kusimama ghafla. Kasyoka alikuwa ndani akikunja blanketi. Wote wawili waliinamisha macho. Mkamba haingii chumba anacholala mama mkwe wake. Hata kukitupia jicho ni aibu kubwa. Ijumaa alikuwa fundi, akipanda ngazi mle ndani na kuangusha vumbi apendavyo. Leo alikuwa mkwe, na kile kizingiti hakivukiki tena.

Waya zilibaki zikining'inia, moja darini, nyingine ukutani kando ya kitanda.

Ndanu alicheka mpaka akaketi chini, kisha akaacha kucheka. "Siendi Syokimau," akasema. "Siwezi kuenda kwa taa nikikuacha gizani, mwaitu, mama yangu. Hiyo taa ikiwaka ndiyo nitafunga mizigo."

Wakamwita Musili, fundi wa pale sokoni. Akaja, akatazama juu, akasonya. "Ni nani alikufungia hizi?" Hakuna fundi duniani asiyeuliza hivyo. Alipoambiwa, akafunga mkoba wake. "Mimi siguzi kazi ya mtu. Kesho kukiungua, nitaambiwa ni mimi." Akaenda zake.

Siku zikapita, na ndoto zikabadilika. Masila alikuja kama kawaida, godoro likabonyea, lakini sasa waya zilimgusa kichwa. Kasyoka alisikia mkono wake ukizisukuma kando gizani. "Hizi ni nini?" akauliza. "Ni taa," Kasyoka akajibu. "Ngoja, karibu iwake." Aliamka na machozi masikioni, amechoka kabisa kungoja.

Akatoka nje vilevile, bila viatu.

"Wewe Ndanu! Mwambie huyo mtu wako aje asimame kwa mita, huko nje. Azime swichi kubwa. Yeye haruhusiwi kuingia, lakini sauti yake hakuna mtu ameikataza. Mikono mimi niko nayo."

Muthoka alikuja siku hiyohiyo, na safari hii kweli alikuwa kwa njia. Akazima stima, akasimama nyuma ya ukuta huku mkono wake ukilinda swichi kubwa asije mtu akaiwasha. Ndani, Ndanu alipanda juu ya meza kushughulikia mahali pa balbu, na Kasyoka akapiga magoti kando ya kitanda na bisibisi.

"Hizo waya mbili, mwaitu," sauti ya Muthoka ikaja kupitia kidirisha. "Moja iingie tundu la juu, nyingine la chini. Ukaze, lakini si kwa hasira."

"Nani amekuambia niko na hasira?"

"Nasikia bisibisi."

Kasyoka alicheka peke yake. Vidole vilivyosuka vyondo maisha yote viliusokota ule waya vizuri. Alizoea sauti isiyo na uso, ilimtuliza. Kijana alieleza taratibu, akarudia bila kuchoka, na katika ile alasiri waliongea mengi kuliko watakayoongea ana kwa ana maisha yao yote. Joto lilikuwa limetulia juu ya bati. Kama mtu angemwambia kwamba amelala na anaota, angeamini.

"Tumemaliza," Ndanu akaita.

"Nafungulia," sauti ikajibu. "Mama abonyeze."

Kasyoka akaketi kitandani, akanyoosha mkono, vile vile alivyokuwa amepanga, akabonyeza.

Juu ya meza, chini ya balbu, Ndanu aligeuka akicheka. Vumbi la plasta lilikuwa limempaka nywele nyeupe. Nyusi ya kushoto ilikuwa imepanda kidogo kuliko ya kulia, na meno ya mbele yameachana, na kidevu kimeinuliwa kwa ile namna ya mtu anayetaka kusifiwa.

"Ai," Kasyoka akasema. "Masila."

Alikuwa humu humu, usoni mwa binti yake. Miaka yote alikuwa akipita hapa na sahani, akishona pale mlangoni, akimwamsha kwa chai, na yeye alimtafuta gizani kwa njiti za kiberiti. Na sasa taa imewaka, na mizigo ya Ndanu itafungwa.

"Imewaka, mwaitu?" Muthoka akauliza kutoka nyuma ya ukuta, maana hakuweza kuingia akaona.

Ndanu alifungua mdomo ajibu. Kisha akaona macho ya mama yake, akaufunga, akabaki amesimama pale pale juu ya meza.

"Bado," Kasyoka akasema. "Ngoja kidogo, mwanangu. Usiguse kitu."