Mama Agoma Mlangoni pa Upasuaji

Kitanda cha magurudumu kilipofika mlango wa chumba cha upasuaji, mama alishika mwimo wa mlango, akagoma.

"Siingii mpaka wanangu waniombee. Wote wawili, kwa pamoja."

Wanawe walitazamana. Mkubwa alikuwa katekista wa Kikatoliki. Mdogo alikuwa mchungaji wa Kipentekoste, na tangu alipobatizwa upya mtoni, ndugu hao hawakuwahi kusali pamoja, hata mezani.

"Mama, mimi nitaanza, kaka atafuata," alisema mchungaji.

"Kwani mimi nyama ya kugawana? Shikeni mikono yangu. Baba Yetu si mnaijua?"

Nesi aliangalia saa.

Wakaanza. Kaka akasema ufalme "ufike", mdogo wake akasema "uje", wakagongana, wakanyamaza. Mama akaendelea peke yake kwa sauti ya kuita watoto waliopotea sokoni. Wakamfuata. Katekista alipofika mwisho, mchungaji aliendelea na maneno ya utukufu, ambayo kaka yake hakuzoea kuyasema hapo. Katekista alingoja, mkono wa mama hakuuachia, kisha wakasema "Amina" kwa sauti moja.

"Haya, nisukumeni," mama alisema.

Upasuaji ulikwenda salama. Alipozinduka jioni, aliwakuta kando ya kitanda wakibishana kuhusu ubatizo, huku wakipokezana kikombe kimoja cha chai.

"Bishaneni tu," alinong'ona. "Ila kesho asubuhi tunasali tena, hivyo hivyo."

Hakuna aliyethubutu kumkatalia.