Mgonjwa wa Juu ya Mlingoti

Kazini walimwita Kasi, na si kwa kumsifu. Alikuwa fundi wa intaneti aliyemaliza kufunga antena wenzake wakiwa bado wanatafuta bisibisi, kisha kesho yake wenzake hao hao wakatumwa kwenda kuifunga upya. Kwa hiyo alipopewa kisiwa kizima peke yake, mwendo wa saa saba kwa boti ya mizigo, aliapa moyoni kwamba safari hii hakuna atakayetumwa nyuma yake.

Alifika Jumanne asubuhi, uso umempauka kwa kichefuchefu. Kazi yenyewe aliiona ndogo: kusimamisha mlingoti nyuma ya zahanati, kuielekeza antena kwenye mnara wa ng'ambo, kuunganisha na kompyuta ya muuguzi. Muuguzi alikuwa mmoja tu, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta. Watu walimwita Mama Daftari, maana hakuna kilichompita bila kuandikwa.

"Mwanangu, unamwona yule?" alimuuliza Kasi kabla hajatua sanduku.

Kwenye benchi alikaa mwalimu wa shule ya msingi, mimba ya miezi minane, akisahihisha madaftari juu ya tumbo lake kama juu ya meza.

Mama Daftari akashusha sauti. "Ametokwa damu mara mbili. Nashuku kondo la nyuma limeziba njia ya mtoto. Kipimo cha picha ninacho, ila wa kuisoma picha ni daktari wa ng'ambo, naye ana nusu saa tu, Alhamisi saa tatu asubuhi. Boti yenu inaondoka saa tano, na nyingine ni baada ya wiki mbili. Kama limeziba, lazima apande hiyo hiyo, maana uchungu ukimshika hapa nampoteza. Kama halijaziba, kurushwarushwa na mawimbi saa saba ndiyo hatari yenyewe."

"Alhamisi, mama?" Kasi akacheka. "Mimi mchana huu nimemaliza."

"Huyu anajisifu kama darasa langu la tatu," mwalimu akasema bila kuinua kichwa. "Nao sifuri wanazipata hivyo hivyo."

Mchana, kweli, alimaliza. Mtandao ukawaka, akajipigia makofi. Saa kumi ukakata. Baada ya muda ukarudi wenyewe, kama vile haukuwahi kukata. Jumatano saa mbili na nusu asubuhi ukakata tena. Kasi akabadilisha waya, akabadilisha viungio, akalaumu jua, akalaumu kunguru, akamfukuza mbuzi aliyekuwa akijikuna kwenye mlingoti. Mtandao ukarudi, naye akaamini kabisa kuwa mkosaji ni mbuzi. Ilipokaribia saa kumi na moja jioni, chali. Mbuzi hata hakuwepo.

"Kesho alfajiri naongeza bomba mita tatu," alitangaza. "Sisi mafundi tukikwama tunapanda juu."

Mama Daftari alimsogezea daftari la wagonjwa, Kasi akasoma na kudhani anataniwa. Jina: Mtandao. Umri: siku mbili. Malalamiko: kuzimia ghafla. Chini yake, mara zote tatu zilikuwa zimeandikwa kwa saa na dakika, na mbele ya kila moja maneno yale yale: maji ngazi ya tano.

"Ngazi ya tano ya wapi, mama?"

"Ya gati. Wagonjwa wangu wengi wanaletwa kwa maji, nami kila mmoja namwandikia kimo cha bahari, nijue alicheleweshwa wapi. Wako nimbague kwa nini?"

Kasi alikaa chini taratibu. Jambo hilo alilisoma chuoni, akalijibu kwenye mtihani, akalisahau siku ile ile. Mawimbi ya redio ya mnara hayaji yote moja kwa moja. Mengine hugonga uso wa bahari kwanza, ndipo yafike. Bahari ikiwa kimo fulani, yaliyowahi na yaliyochelewa hufutana, na mtandao hufa ilhali kila kifaa ni kizima.

"Kesho maji yatafika ngazi ya tano saa ngapi?"

Mama Daftari akahesabu kwa vidole. "Yakishuka, saa tatu na robo."

Katikati ya nusu saa ya daktari.

"Nikipandisha, itazimia kwenye ngazi nyingine tu," Kasi akasema, na sasa majigambo yote yalikuwa yamemwisha. "Bahari siwezi kuihamisha."

"Mimi nikitafuta mapigo ya mtoto nisiyasikie hapa, simlaumu mama yake. Nashusha kifaa, nasikiliza pengine. Huyo wako ana sikio moja tu?"

Kasi akamtazama yule mama na miwani yake ya plasta kama mtu anayemtazama profesa wake. Antena ya akiba ilikuwa sandukuni. Aliifunga mita nne chini ya mwenzake, kila nati akiikaza, akirudi, akiikaza tena, kisha akakipanga kifaa cha mtandao kifuate ile inayosikia vizuri kwa wakati huo.

"Kasi gani hii?" mwalimu akamtania kutoka dirishani. "Konokono ana haraka kuliko wewe."

Alhamisi saa tatu daktari akatokea kwenye kompyuta. Saa tatu na robo taa ya antena ya juu ikazimika, na moyo wa Kasi ukataka kuifuata. Picha ikaganda. Akahesabu moja, mbili. Picha ikaendelea; antena ya chini ilikuwa imepokea. Mama Daftari alikuwa bado ameshikilia kipimo pale pale juu ya tumbo la mwalimu.

"Hapo hapo," daktari akasema. "Limeziba lote. Muuguzi, ulijuaje?"

"Damu ilitoka bila maumivu, daktari. Mara zote mbili."

"Apande boti leo. Gari la wagonjwa litamsubiri gatini huku."

Botini mwalimu alihitaji godoro zima alale ubavu, na mama yake mzazi akae karibu. Nafasi ikaisha. Kasi akashusha sanduku lake, abaki hadi boti ijayo, kabla nahodha hajafungua mdomo.

"Wewe, fundi!" mwalimu akaita kutoka kwenye godoro. "Darasa la tatu wako kwenye kugawanya. Yule wa dirishani atakwambia tumbo linamuuma. Haliumi."

"Mwalimu, mimi sijawahi kufundisha!"

"Na mimi sijawahi kuzaa. Nenda, wako thelathini na wanane na kengele imeshalia."