Mkalimani wa Pasta Fabrice

Baiskeli ya Gérard haikuwa na breki wala pedali, na hakuzihitaji, kwa kuwa hakuna aliyeipanda. Ilikuwa ya kusukumwa. Alifunga gongo la kusukumia kwenye usukani, akaning'iniza bidoni mbili za mafuta ya mawese ubavuni, na asubuhi hiyo ya Jumamosi alikuwa akiipandisha kilima cha mwisho cha njia ya Wamaza, tope likimfika kwenye vifundo, huku akirudia mahubiri yake kwa sauti ya chini. Kulikuwa na soko, na baada ya soko mkutano wa injili. Yeye ndiye angehubiri juu ya tumaini. Wazee wa kanisa walikuwa wamekwisha kumwambia.

Nyuma yake mkewe Darlène alibeba kapu la sombe, majani ya muhogo, kichwani na kuimba polepole.

"Wimbo huo umeutoa wapi?" Gérard aliuliza bila kugeuka.

"Ni wa Pasta Fabrice. Alitufundisha siku ya wamama."

Gérard alikaza mikono kwenye gongo. Akapoteza mstari aliokuwa akiurudia, ikabidi aanze upya.

Alikuwa mwinjilisti tangu ujana wake. Matofali ya kanisa aliyafyatua yeye na vijana wa wakati ule, na maiti za kijiji alizizika yeye, mvua inyeshe isinyeshe. Alikwenda kwa miguu hadi Lusangi kuwaombea wachimba dhahabu waliofukiwa na shimo. Wakubwa wa kanisa kule Kasongo walimwahidi kumpeleka shule ya Biblia ili awe mchungaji kamili, na kila alipouliza walimjibu, "Mwaka ujao, ndugu." Mwisho wakamleta Fabrice, kijana aliyezaliwa mjini Kasongo, mwenye pikipiki, spika na jenereta ndogo. Wakampa nyumba ambayo Gérard mwenyewe alikuwa ameiezeka. Fabrice hakujua hata kusalimia kwa Kibangubangu, lugha ya pale, lakini watoto walimkimbilia barabarani, na wanawake waliokuwa wakisinzia Gérard akihubiri sasa walikuja na mikeka yao mapema.

Walipoteremka chini ya kilima upande wa pili wakaikuta bariere ya askari. Ilikuwa kamba ya nailoni iliyofungwa vipande vya kitambaa chekundu, ikivutwa juu na kushushwa na askari mmoja aliyekaa kwenye kigogo. Komanda wao alikuwa chini ya hema, akinywa chai. Alikuwa mtu wa mbali, kama askari wake wote, na lugha ya pale hawakuijua.

"Ushuru ya barabara," askari alisema.

"Nilitoa wiki iliyopita," Gérard alijibu.

"Ile ilikuwa ya wiki iliyopita. Na imepanda. Kila kitu kimepanda, hauoni?"

"Barabara yenyewe iko wapi, kaka? Angalia miguu yangu."

Komanda aliinuka, akaja taratibu, akaigonga bidoni moja kwa kidole kama mtu anayenunua ngoma. "Acha hii," akasema. "Mutapita na ile ingine. Siko mubaya miye."

Darlène alimgusa mumewe mgongoni, ile alama yao ya kumwambia anyamaze. Gérard akafungua kamba ya mpira, akaiteremsha bidoni. Baiskeli ikalalia upande mmoja, ikabidi aishike kwa nguvu isianguke.

Hapo ndipo pikipiki ya Fabrice ilipofika. Hakuzima hata injini. Askari aliishusha kamba mpaka chini, na komanda akatabasamu. "Pasta, leo tutafika kusikia neno."

"Karibuni sana, komanda. Tutawawekea viti mbele," Fabrice alisema. Akamwona Gérard, akaiona na bidoni iliyokaa peke yake kando ya hema. Uso wake ulibadilika kidogo, kama anayetaka kusema jambo. Kisha akasema tu, "Kaka Gérard, tutaonana kule," akaondoka, akawarushia tope.

Sokoni bidoni iliyobaki haikuwafikisha popote. Sabuni ilikuwa imepanda tena. Muuzaji aliwakatia nusu ya kipande kwa kisu, akawapimia chumvi kwenye gazeti, na fedha ikaisha kabla hawajataja daftari za mtoto. Gérard hakuhuzunika sana. Alijisemea kwamba saa ya neno inakuja, na pale hakuna askari wa kumshushia kitu.

Mkutano ulikuwa uwanjani, mbele ya kanisa. Watu walikuwa wamejaa kuliko siku zote, pamoja na wazee kutoka vijiji vya ndani ambao Kiswahili chao kilikuwa cha kununulia chumvi tu. Kwenye viti vya plastiki, mstari wa mbele, walikaa komanda na askari wake wawili. Gérard alikuwa akifuta tope miguuni kwa majani pale mzee wa kanisa alipomjia na kumshika mkono, kama mtu anayeleta habari ya msiba.

"Baba Gérard, Pasta Fabrice atahubiri. Kuko wageni wakubwa leo. Weye utakuwa mukalimani."

"Somo ni lile lile?"

"Ni lile lile. Tumaini."

Kulikuwa na kipaza sauti kimoja, cha Fabrice. Gérard akaenda kusimama kushoto kwake, mikono mitupu.

Laiti Fabrice angehubiri vibaya. Hilo ndilo Gérard aliloliomba moyoni, mbele ya kanisa lake mwenyewe, wala hakuona haya. Lakini kijana alihubiri vizuri. Alisoma kwamba tumaini halitahayarishi, akafunga Biblia, akawauliza watu wao ni nani.

"Wengine wanakuita mulala-njaa," Fabrice alisema. "Wengine wanakuita mukimbizi. Ile siyo jina yako. Mungu alikufanya kwa mufano wake mbele ya mutu yeyote kukuita jina."

Gérard akayageuza kwa Kibangubangu. Alikuwa mkalimani hodari. Neno lilitoka mdomoni mwake likiwa limekwisha kuvaa nguo za nyumbani. Bibi kizee mmoja akatikisa kichwa, akajifuta macho. Na Gérard alipoona yale machozi, kijicho kilimchoma hasa, kwa sababu bibi yule hakumtazama yeye aliyempa neno kwa lugha yake. Alimtazama Fabrice.

Waliendelea hivyo muda mrefu, huyu akitupa na yule akidaka. Kisha macho ya Fabrice yakaangukia viti vya plastiki, na sauti yake ikalegea.

"Na mutu wa tumaini hanungunike," akasema. "Hata pale bariere, wakikuomba kitu, toa kwa furaha. Wakubwa wanatoka kwa Mungu. Kile unatoa leo, Mungu atarudisha."

Komanda aliitikia amina.

Gérard alifungua mdomo ili atafsiri. Alikuwa amekwisha kupata maneno. Lakini akilini aliiona bidoni yake kando ya hema, akauona na uso wa Fabrice juu ya pikipiki, uso wa mtu aliyeona na kupita. Alipoanza kusema, Kibangubangu chake kilitoka kwa utulivu uleule wa tangu mwanzo.

"Anasema," Gérard alisema, "kama wewe ni mfano wa Mungu, basi asubuhi hii kwenye bariere waliyachukua mafuta ya mfano wa Mungu. Anasema kutumaini si kukaa ungoje wamalize kukunyang'anya. Mfano wa Mungu haupigi magoti kwa kamba."

Mguno ulianzia kwa wazee, ukaenda nyuma kwa wanawake, ukarudi ukiwa amina, na Mama Yvette, mwuza mihogo, akasimama kwenye mkeka wake na kuanzisha wimbo. Watu walisimama wote, hata waliojua Kiswahili, kwa kuwa lililowaingia ni lile la lugha yao. Darlène peke yake hakuimba. Alikuwa akimtazama mumewe, mkono mdomoni. Fabrice alishangaa, akafurahi, akapandisha sauti. Komanda naye akapiga makofi kwa kufuata mpigo.

Baada ya sala watu walimzunguka Fabrice, wakamshika mikono yote miwili. "Tangu tuzaliwe hatujasikia mutu kusema vile," Mama Yvette alimwambia. Gérard alisimama karibu na jenereta, akingoja mtu amgeukie. Waliomgeukia walimwomba awapishe.

Jua lilikuwa bado juu walipoanza kurudi. Wanawake walitangulia kwa kundi, mizigo kichwani, wakiimba. Gérard na Darlène walipofika kwenye bariere walikuta msongamano. Askari aliivuta kamba, na wanawake hawakuweka vikapu chini. Walisimama wakiigusa kamba kwa vifua.

"Leo hatutoi," Mama Yvette alisema. "Pasta alisema mufano wa Mungu haupige magoti kwa kamba."

"Pasta gani?" aliuliza komanda, aliyekuwa amekwisha kurudi hemani.

"Pasta Fabrice. Ulikuwa pale. Ulipiga na makofi."

Mtu akacheka, na kicheko kile ndicho kilichoharibu mambo. Komanda aliwatazama wanawake, kisha akaitazama pikipiki iliyokuwa ikija polepole kutoka upande wa soko. Fabrice aliposimama, askari wawili walimshika na kumvuta chini, pikipiki ikaanguka kwenye tope gurudumu likizunguka.

"Nilikupa heshima," komanda alisema. "Unafundisha watu kunitukana mbele yangu."

"Komanda, mi sikusema vile. Nilisema watoe kwa furaha."

"Ulisema," bibi kizee mmoja akajibu kwa Kiswahili chake cha chumvi. "Tulisikia."

Askari akampiga Fabrice kofi. Kofia yake ikaanguka.

Gérard alikuwa nyuma, ameshika baiskeli yake nyepesi. Hakuna aliyemtazama. Ilimjia bila yeye kuialika: Fabrice atafungwa, atarudishwa Kasongo, nyumba itabaki, mimbari itabaki, na Jumapili watu watamwangalia yeye. Alihitaji kunyamaza tu. Alijisikia vibaya kwa kuiona njia hiyo ikiwa nyeupe na fupi namna ile, lakini hakuacha kuitazama.

Ndipo wanawake walipoanza kulia. Darlène naye alilia.

"Wanamufanyia kama Paulo," Mama Yvette alisema. "Anateswa kwa ajili ya neno. Hatutamusahau hata siku moja."

Jambo hilo Gérard hakuweza kulibeba. Mafuta walichukua. Mimbari walichukua. Na sasa maneno yake, aliyoyatoa mwenyewe tumboni, yangemfanya Fabrice kuwa mtakatifu wa njia ya Wamaza. Aliiegemeza baiskeli kwenye mti na kupenya katikati ya watu.

"Maneno yalikuwa yangu," alisema.

Komanda alimtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka alimwona wapi. "Weye ni nani?"

"Mukalimani. Yeye alisema mutoe kwa furaha. Mimi nilisema vingine."

"Ulisema nini? Sema kwa Kiswahili, nisikie."

Basi Gérard alisema. Alisimama mbele ya kamba, bila kipaza sauti, akayasema yote tangu mafuta hadi magoti, na kwa kuwa alikuwa amekwisha kuanza aliongeza na yale aliyokuwa ameyatayarisha kwa ajili ya siku ile, juu ya dhiki inayozaa saburi, na juu ya mtu aliyeumbwa akiwa wima. Wanawake wote walimgeukia. Kwa muda mfupi alikuwa na kila jicho la njia ile, na hakika aliona raha. Kisha kitako cha bunduki kikampata begani, akaanguka.

Walimwachilia Fabrice papo hapo, hata wakamsaidia kuinua pikipiki. Gérard walimtia kasho, chumba cha udongo nyuma ya hema chenye mlango wa mbao zilizoachana. Kupitia kwenye nyufa aliwaona wanawake wakisimama bado, askari akiwa ameshikilia bunduki kwa mikono miwili. Hatimaye Mama Yvette aliteremsha kapu lake. Alichagua mihogo, akaiweka chini. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, na kamba ikawa inashuka na kupanda kama kawaida. Darlène alibaki kando, ameketi juu ya jiwe, hamtazami mtu.

Baadaye Fabrice alikuja hadi kwenye mlango, ndizi mbili mkononi. Mlinzi akachukua moja, akamruhusu. Fabrice alichuchumaa, shavu lake limevimba.

"Komanda anataka mbuzi ndio akufungue," alisema. "Nitatafuta. Hata kama ni kuuza spika."

"Usiuze spika."

Fabrice aliipitisha ndizi kwenye ufa.

"Asubuhi niliona bidoni yako," alisema. "Niliona, nikapita." Akasogea karibu zaidi na mlango. "Kaka, lile neno la kamba. Unasemaje kwa Kibangubangu?"

"Ya nini?"

"Kesho Jumapili ninahubiri. Na mukalimani sina."

Gérard alimchungulia mlinzi kupitia kwenye ufa. Mlinzi alikuwa hatua chache tu kutoka pale, akimenya ndizi yake, na masikio yake, kama ya bwana wake, hayakujua lugha ya pale. Gérard akasogeza mdomo kwenye ufa na kulitamka neno la kwanza, halafu la pili. Fabrice akarudia. Alikosea mara moja tu. Gérard alimsahihisha, akamwambia aseme yote kuanzia mwanzo, na kijana akasema yote, kwa ulaini, kama aliyezaliwa Kabambare, nchi ya lugha hiyo. Alikuwa amelishika upesi mno, na hilo nalo lilimuuma Gérard kuliko bega.

"Rudia," akamwambia.