Mama Aliposema Hajawahi Kupasuliwa

Mama yangu ni fundi cherehani, na mdomo wake anaushona kuliko nguo za wateja. Kwa hiyo asubuhi aliponiambia, "Taya linaniuma, na mkono huu kama si wangu," nilimjibu, "Kwani mama, umepigana na nani usingizini?"

Hakucheka. Aliweka mkasi chini, jasho linamtiririka na feni inazunguka juu yake.

Shangazi, dada yake baba, alikuwa amekuja kufuata sketi yake. Tukamshika mama huku na huku mpaka zahanati.

Nesi alimfunga kitambaa cha presha, akapima, akaangalia namba, akapima tena. Ile "tena" sikuipenda.

"Umri, mama?"

"Arobaini na nne."

"Siku zako bado unaziona?"

"Kama kawaida."

"Umewahi kufanyiwa operesheni?"

"Hata jino sijang'olewa."

Nikamtazama. Miaka minane iliyopita alitolewa kizazi, na vifuko vya mayai pamoja nacho, kwa sababu ya uvimbe uliokuwa unammaliza damu. Shangazi aliambiwa mama kaenda kozi ya ushonaji. Mpaka leo kila akija anauliza, "Wifi, mdogo wake huyu anakuja lini?" Na mama aliniapisha: siku nikifungua mdomo, nitafute mama mwingine.

Mimi siri za watu hazilali kwangu. Hii tu ndiyo niliitunza.

Mama alinikazia jicho. Midomo yake ilikuwa imegeuka kijivu.

"Si kweli, nesi." Sauti yangu ilitoka kama ya kifaranga. "Walimtoa kizazi na mayai. Alikuwa na thelathini na sita."

"Wifi?" Shangazi akashika kifua, utadhani mgonjwa ni yeye.

"Umenivua nguo," mama akaninong'oneza.

Nesi hakuwa na muda wa aibu zetu. "Mama, ukitolewa mayai mapema hivyo, moyo na mishipa inakosa kinga yake kabla ya wakati. Presha, sukari, mafuta ya damu, vyote ulitakiwa uwe unapimwa mara kwa mara. Hukuambiwa?"

"Niliambiwa nimepona."

"Nami nilitaka kuandika uchovu wa cherehani, nikupe dawa ya maumivu urudi nyumbani. Kumbe huenda ni moyo." Akampa kidonge cha aspirini. "Tafuna, usimeze kizima." Kisha akashika simu, akaita gari la wagonjwa. Hakupaza sauti, ila alisema "haraka" mara tatu.

Gari lilipofika, dereva akasema anaingia ndugu mmoja tu. Shangazi alikuwa ameshapandisha mguu.

"Wifi, wewe baki," mama akasema, pumzi inakatika. Akanielekezea kidole. "Aingie huyu. Huko nako wataniuliza maswali."

Mlango ukafungwa. Kiganja chake kilikuwa baridi, kimelowa. Nikaanza kuhesabu pumzi zake, na kila moja ikichelewa, yangu nayo inasimama.