Mama Mkwe Chini ya Mkwe

Kifungo si mtu wa kununa. Lakini Jumapili ile aliingia sebuleni kwa mama yake ameuvuta mdomo, salamu anaitikia kwa pua, na sababu alikuwa nayo. Kesho yake asubuhi mnunuzi angekuja kuichukua cherehani ya dada yake.

Cherehani ya dada! Miaka kumi na tisa ndugu hawa wawili wamefanya kazi katika chumba kimoja chembamba, ukinyoosha mguu umeigusa pasi. Dada mtu anapima, anakata, anashona. Yeye anapinda, anapiga pasi na kutia vifungo, ndiyo maana wateja walimpa jina hilo. Aliwahi kushika mkasi mara moja tu, suruali ikatoka na miguu ya watu wawili tofauti. Sasa bila dada, vifungo avitie wapi? Ukutani?

Yote haya yaliletwa na Unga. Unga wenyewe ni wa kijani, unakorogwa kwenye maji ya moto, eti unatibu magoti, usingizi na mikosi. Mume wa binti wa dada ndiye aliyemwingiza kwenye kampuni inayouuza, na tangu hapo mazungumzo yakafa. Ukimwambia kichwa kinauma, anakuletea Unga. Ukimwambia umelala vizuri, anasema ungelala vizuri zaidi. Na sasa anauza cherehani ili anunue maboksi ya kutosha apandishwe cheo.

Leo alikuwa amewaita ndugu wote waje kumsikiliza bosi wake, kijana mmoja mwenye tai ndefu aliyeitwa Almasi, maana ndicho cheo chake. Almasi alisimamisha ubao mweupe mbele ya televisheni, akachora maduara.

"Huyu wa juu ni mimi," alisema. "Chini yangu ni huyu kaka." Akamwonyesha mkwe. "Na chini ya kaka ni huyu mama aliyewaita leo. Chini ya mama ndipo mtakapokaa nyinyi, familia yake, na kila mmoja alete watu wake wawili!"

"Hebu ngoja, mwanangu," mama yake Kifungo alisema kutoka kwenye kochi. "Nani yuko juu ya nani?"

"Kaka yuko juu, Bibi. Mama yuko chini yake."

"Mkwe yuko juu ya mama mkwe wake?"

"Ni mfumo tu, Bibi. Kiongozi anampigia mtu wake simu kila siku, anamuuliza ameuza ngapi, anamsukuma!"

"Anamsukuma mama mkwe wake!" Bibi alishika kifua. Sebule nzima iligeuka kumtazama mkwe, naye alikuwa anatazama viatu vyake.

"Bibi, sijawahi kumsukuma," alisema kwa sauti ya kuomba radhi. "Kila nikitaka kumpigia natokwa na jasho. Hayo maboksi ya kwake nanunua mwenyewe, halafu naandika kauza yeye. Chumbani kwetu yamejaa mpaka dirisha halifunguki."

Jamani, kicheko! Baba mdogo, fundi bomba mstaafu, alipaliwa na chai ikabidi apigwe mgongoni. Lakini Bibi hakucheka. Yeye alikuwa na kazi.

"Futa," alimwamuru Almasi. "Andika upya. Nyumba hii inakaa kwa umri. Mimi juu."

Almasi alijaribu kueleza, lakini nani amsikilize? Baba mdogo na shangazi walikuwa tayari wanabishana nani alizaliwa mwaka wa mvua nyingi, kila mmoja akidai duara la pili. Kijana wa watu akawa anafuta na kuandika, anaandika na kufuta, tai imeingia wino. Shangazi akashinda. Dada akapanda juu ya mkwe bila kununua hata boksi moja. Mkwe akateremshwa, akashukuru kwa moyo wake wote.

"Na wewe mwenyewe una miaka mingapi?" Bibi aliuliza.

"Ishirini na nne."

"Nilijua. Ulipoingia hukutuamkia, ulitugawia kadi. Jiandike chini kabisa."

Naye akajiandika! Alipogundua alichofanya alibaki ameduwaa na kalamu mkononi.

"Haya sasa," alisema baba mdogo, "lete watu wako wawili!"

Watu walicheka mpaka kochi likalia. Kifungo naye alikuwa anafuta machozi ya kicheko, ndipo akamwona dada yake. Dada alikuwa hacheki.

"Chekeni," alisema, akasimama. "Kule nikisimama tu nikataja jina, ukumbi mzima unanipigia makofi. Ukumbi mzima! Hapa nimewashonea miaka kumi na tisa. Mnakuja, mnavaa, mnasema kwapani panabana, mnaenda zenu. Nani kati yenu amewahi kunipigia hata kofi moja?"

Kifungo aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Amekaa hatua mbili kutoka kwa mwanamke huyu nusu ya maisha yake, na hakumbuki kama aliwahi kumwambia "dada, umeshona vizuri." Alidhani dada anajua. Anajuaje, hajaambiwa?

Akasimama. "Aliyevaa nguo aliyoshona dada, asimame."

Shangazi alisimama. Mkwe alisimama. Baba mdogo alisimama akiivuta suruali yake wote waione. Bibi alisukuma mikono ya waliotaka kumsaidia, akainuka mwenyewe na magoti yake mabovu, gauni lake la buluu likamteremkia vizuri mpaka chini. Aliyebaki amekaa ni Almasi peke yake.

"Dada," Kifungo alisema, "bila wewe mimi si fundi. Naogopa kesho. Usiende." Akaanza kupiga makofi.

Wakapiga wote, makofi na vigelegele, mpaka Almasi naye akajikuta anapiga. Dada alijifunika uso kwa viganja, mabega yakawa yanamcheza, haijulikani analia au anacheka. Alipoteremsha mikono alikuwa anafanya yote mawili. Kisha macho yakatua shingoni kwa baba mdogo.

"Baba mdogo, suruali ni yangu. Hilo shati kakushonea nani?"

"Aah, nilikuwa na haraka, nikapita kwa fundi wa pale kona..."

"Geuka. Loo! Hii ni kola au ni mdomo wa gunia? Niletee kesho asubuhi, mapema, niifumue yote."

"Kesho asubuhi?" Kifungo aliuliza polepole. "Na mnunuzi, dada?"

"Mpigie umwambie cherehani ina kazi."

Kabla hajamaliza kusema, simu ilikuwa sikioni kwa Kifungo.